Vidonge vya Koo: Kwa Nini Vimezwe Mpaka Viishe

(Maneno haya yalisomwa katika mkutano wa tawi letu. Tumeyapiga chapa kwa sababu wengi walikuwa zamu siku ile, nao wameyaomba.)



Tulipoambiwa tuseme juu ya afya, wengi walidhani tutasema habari za kofia ngumu, na buti, na miwani ya mtu wa kuchomelea chuma. Hayo yana siku yake. Leo tutasema juu ya koo. Twajua wako watakaocheka, maana koo si mguu uliokatwa na gurudumu. Lakini tunayo sababu, na sababu yenyewe ni mtoto mmoja ambaye wengi wenu mwamfahamu. Basi tutaanza na yeye.

Mwaka juzi, wakati wa mvua ndefu, mtoto wa mwenzetu mmoja wa genge la reli alirudi kutoka shule akiwa na homa. Umri wake ulikuwa miaka 9. Hakukohoa, wala mafua hakuwa nayo, ila koo lilimwuma hata mate yalimshinda kumeza, na chini ya taya palivimba tezi mbili, ukizigusa analia. Baba yake aliomba ruhusa ampeleke hospitali. Mkubwa wake wa kazi akamwambia kwamba akitoka kabla ya zamu kwisha ataandikwa hakuja, na mshahara wa siku ile utakatwa. Basi akatujia sisi, pale tunapokula chakula cha mchana, akatuuliza afanyeje.

Nasi tukampa shauri. Hatukumnyima msaada, ndugu zetu. Tulimsaidia kwa moyo mweupe, tukamharibia. Mmoja wetu alikuwa na vidonge vinne vya rangi mbili katika kabati lake la nguo za kazi, vilivyobaki tangu alipotibiwa jino. Mwingine akamwonyesha kemisti anayeuza bila karatasi ya daktari, naye akaongeza vingine sita, maana fedha za mfukoni zilikomea hapo. Mtoto akaanza kumeza. Siku ya tatu homa imetoka, anakula ugali, anapiga mpira. Mama akavifunga vilivyobaki katika karatasi akaviweka juu ya kabati, vifae siku nyingine. Na kweli mwezi uliofuata baba alivimeza mwenyewe alipopata mafua.

Lakini kabla ya mwezi huo kwisha, yapata wiki tatu baada ya koo kupona, goti la mtoto lilivimba. Likapona, likavimba la pili. Kisha kifundo cha mguu, kisha kiwiko. Majirani walisema mtoto anakua, na wengine walisema ni malaria. Kufika Desemba hawezi kupanda kilima cha shule bila kusimama mara mbili kupumua. Alipofikishwa hospitali kubwa, daktari aliusikiliza moyo wake kitambo kirefu, akamtazama kwa mashine ya picha, akasema kwamba vali moja ya moyo haifungi sawasawa, na damu inarudi nyuma. Ninyi mafundi wa breki hamna haja kuelezwa maana ya vali isiyofunga.

Daktari hakusema kwamba makosa ni ya fulani. Alisema tu kwamba koo lile lilikuwa na namna fulani ya kijidudu, na kwamba dawa ya siku 10 zilizotimia ingaliweza kuuzuia ugonjwa huu. Tulipolisikia neno hilo tulikwenda kwa tabibu wa zahanati, tukamwomba atuketishe chini atueleze kazi ya vidonge hivi tangu mwanzo. Hatukusoma udaktari, na haya tunayowaeleza ni kama tulivyoyafahamu, lakini tabibu ameyasoma na kusahihisha palipokosewa.

Kwanza, si kila koo linaloumwa ni ugonjwa mmoja. Koo laweza kuumwa kwa vumbi, au kwa moshi wa dizeli ndani ya karakana, lakini mara nyingi zaidi ni virusi, ndugu zao wale wanaoleta mafua. Koo la virusi hupona lenyewe, na hakuna kidonge cha rangi mbili, wala cha rangi nne, kitakacholiponya upesi zaidi. Sehemu ndogo tu ni bakteria, na mkubwa wao katika koo ni yule aitwaye streptokoka. Katika watu wazima 100 walio na maumivu ya koo, kiasi cha 5 mpaka 15 ndio wenye streptokoka. Katika watoto ni zaidi, kiasi cha 20 mpaka 30 katika 100, nao hasa ni watoto wa shule, tangu miaka 5 mpaka 15. Hesabuni wenyewe. Tukisimama hapa watu wazima 100 wenye koo na kila mmoja anunue vidonge, 85 au zaidi wametupa fedha zao.

Zipo dalili ambazo daktari hutazama: homa, mafindofindo yaliyovimba yenye madoa meupe kama usaha, tezi za shingo zinazouma, na kutokuwa na kikohozi. Mwenye kukohoa, kupiga chafya na kutokwa kamasi, yaelekea ni virusi. Lakini hata daktari hakisii kwa macho peke yake akiwa na njia ya kupima. Husugua koo kwa kijiti chenye pamba, akakipeleka kipimwe. Sisi tulimpima mtoto wa mwenzetu kwa maneno, tena tukiwa na uji mkononi.

Sasa tuje kwenye kidonge. Streptokoka akitazamwa kwa darubini ni vidude vya mviringo vilivyofuatana kama mabehewa nyuma ya injini. Kila kimoja kina ukuta nje ya mwili wake, na ukuta huo ndio uhai wake, kwa kuwa ndani yake mna msukumo mkubwa, kama ndani ya bomba la breki. Ukuta umejengwa kama njia ya reli. Kuna nyuzi ndefu zinazokwenda sambamba, na vipande vifupi vinavyozishika nyuzi hizo zisiachane. Reli bila mataruma hazikai, na nyuzi zile bila vipande vya kuzishika hazikai vilevile.

Ndani ya kijidudu mna wafanya kazi wake, viitwavyo vimeng'enya, ambao kazi yao ni kufunga vipande hivyo, kama genge linavyokaza nati. Penisilini ina umbo linalofanana na kile kipande ambacho mfanya kazi yule hukishika. Basi yeye huikamata akidhani ni kipande cha kweli, nayo humganda mkononi. Ni kama nati ya bandia iliyokwama ndani ya spana: huwezi kuikaza wala kuitoa, na spana haifai tena. Wafanya kazi wote wakishikwa hivyo, kijidudu huendelea kukua lakini ukuta haukazwi. Mwishowe maji huingia kwa nguvu, ukuta hupasuka, na kijidudu kinakufa.

Chembe za mwili wetu hazina ukuta wa namna hiyo. Ndiyo sababu penisilini humwua mgeni bila kumwua mwenye nyumba. Virusi navyo havina ukuta huo. Hata karakana yao wenyewe hawana, bali huingia ndani ya chembe zetu na kutumia vyombo vyetu. Kwa hiyo penisilini ikikutana na virusi haina cha kukamata. Mwenye mafua akimeza vidonge hivi ni sawa na mtu aliyepeleka genge zima la reli kutengeneza simu.

Tena angalieni neno moja hapo juu, maana ndipo pote panaposimama. Penisilini haibomoi ukuta uliokwisha jengwa. Huzuia kujenga. Kwa hiyo huua kijidudu kile kinachokua na kugawanyika wakati dawa iko mahali pale. Kile kilichojikunyata bila kukua leo hakidhuriki sana. Kesho kitakapoanza kujenga, lazima dawa ikikute. Yatakiwa dawa iwepo zamu zote, mchana na usiku, siku nyingi.

Nayo dawa haikai. Tabibu alituonyesha safari yake. Ukimeza kidonge kinashuka tumboni, kinayeyuka, kinaingia utumbo mwembamba, na huko dawa inapita katika damu. Kwa amoksilini, ambayo ni ndugu wa penisilini na ndiyo wengi tunayopewa, damu hujaa dawa baada ya saa moja au mbili. Damu ndiyo inayoichukua mpaka kwenye koo. Hapa tuna jambo la kuwaambia wale wanaofungua kidonge na kunyunyiza unga wake juu ya mafindofindo, wakidhani dawa itapiga ugonjwa uso kwa uso. Kidonge hakitibu koo kikiwa njiani kushuka. Hurudi kwa mlango wa nyuma, kwa damu, na yule anayemwaga unga mdomoni amepunguza tu dawa iliyotakiwa kuingia.

Mara dawa inapoingia, figo zinaanza kuitoa. Karibu nusu ya amoksilini iliyomo katika damu huondoka kila saa moja, na kutoka kwa mkojo. Ndiyo maana daktari akaandika mara mbili au mara tatu kwa siku, wala si kwa kupenda kusumbua watu. Wako kati yetu wanaomeza vya siku nzima pamoja asubuhi ili wasisahau kazini. Wamejaza tangi wakati mmoja, na figo zao zitalimwaga kabla ya jioni. Usiku kucha kijidudu kinajenga bila mlinzi. Mwenye zamu ya usiku na aweke kengele ya simu. Saa za kumeza hazifuati mchana na usiku wa watu wengine, zinafuata nafasi kati ya dozi na dozi.

Mtu mmoja alituuliza, mbona wazee wetu walisema sindano ndiyo dawa, na kidonge ni cha watoto? Walikuwa na haki kwa wakati wao. Penisilini ya kwanza iliharibiwa na tindikali ya tumboni, kwa hiyo haikufaa kumezwa, ilipigwa kwa sindano. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 huko Kundl, katika nchi ya Austria, ndani ya kiwanda kilichokuwa zamani cha kutengeneza bia, Ernst Brandl na Hans Margreiter walipata namna ya penisilini isiyoharibiwa na tindikali. Ndiyo iitwayo penisilini V, na bado inatumika. Amoksilini ilifuata katika miaka ya 1970, nayo huingia katika damu vizuri hata mtu akiwa amekula. Tangu hapo kidonge kikimezwa kama ilivyoagizwa hakishindwi na sindano katika kazi hii ya koo. Sharti ni hilo la kumezwa kama ilivyoagizwa. Iko pia sindano moja ya penisilini inayoyeyuka polepole kwa wiki kadhaa, na mtu anayejijua kwamba siku 10 hataziweza, afadhali amwambie daktari ampe hiyo. Si aibu kusema hivyo. Aibu ni kuitikia ndiyo na vidonge vikabaki kabatini.

Sasa, kwa nini siku 10, na homa yatoka siku ya tatu?

Hapa ndipo tulipodanganyika sisi sote, na yafaa tuseme polepole. Koo la streptokoka hupona lenyewe. Naam, lenyewe, bila dawa, na watu wengi huwa wazima ndani ya wiki moja. Kidonge hupunguza maumivu kwa siku moja hivi, si zaidi. Basi yule anayepima dawa kwa maumivu anapima kwa futi ambayo si yake. Siku ya tatu tulisema dawa imefanya kazi yake, na kumbe kazi yenyewe ilikuwa haijafika nusu. Dawa haikupewa hasa kwa ajili ya maumivu. Ilipewa ili kijidudu kiondoke kabisa kooni, kwa sababu ya jambo linalokuja nyuma yake.

Jambo lenyewe ni hili. Mwili una askari wake, nao hukijua kijidudu kwa sare yake. Sare ya streptokoka ina sehemu zinazofanana na nyama ya moyo wetu na ya viungo. Kijidudu kikikaa kooni, askari hufundishwa kuipiga sare ile. Na katika watu wachache, wiki mbili au tatu baadaye, askari wale wanaugeukia moyo wenyewe. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Haiji kwa baridi ijapokuwa jina lasema hivyo. Viungo huvimba na kupona, lakini vali ya moyo hubaki na kovu, na kila mara koo la streptokoka linaporudi, kovu laweza kuongezeka.

Hayo si maneno ya kukisia. Mwishoni mwa miaka ya 1940 askari wa Marekani katika kambi ya Warren, jimbo la Wyoming, waliugua sana koo hili. Madaktari wakawapa wengine penisilini na wengine hawakuwapa, maana wakati ule ilikuwa haijajulikana kama yafaa. Mwaka 1950 walitangaza kwamba kwa waliotibiwa homa ya baridi yabisi ilipungua kiasi cha sehemu tisa katika kumi. Na baadaye ilijulikana jambo jingine lenye faida kubwa kwetu sisi watu wa zamu: dawa ikianzwa hata siku ya 9 tangu koo kuanza kuuma, bado yaweza kuzuia homa hiyo. Basi hakuna sababu ya kukimbilia kemisti usiku na kununua vidonge sita. Kesho asubuhi bado ipo. Hata kesho kutwa ipo. Mtoto anaweza kungoja apimwe, huku akipewa parasetamoli na maji ya kunywa, na mkubwa anaweza kusukutua maji ya chumvi yenye uvuguvugu. Tungalilijua hili siku ile, mwenzetu angalingoja mwisho wa zamu yake.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mahali ambapo homa ya baridi yabisi ni haba, siku 5 za penisilini au amoksilini zaweza kutosha kwa koo. Lakini penye hatari ya homa hiyo ziwe 10. Kwetu Kenya ugonjwa huo wa moyo bado upo, na vitanda vya watoto hospitalini vinaushuhudia. Kwa hiyo msije mkasoma habari za nchi za baridi, mkasema daktari wetu anazidisha.

Katika habari za penisilini kuna hadithi ya mtu mmoja ambayo hatuwezi kuiacha. Alexander Fleming aliiona penisilini mwaka 1928 katika hospitali ya St Mary's, London, ikitoka katika ukungu kama ule unaoota juu ya mkate. Lakini ilikaa miaka mingi bila kutumika, mpaka Howard Florey na Ernst Chain na wenzao wa Oxford walipoweza kuisafisha. Mwezi wa Februari 1941 walimpa askari wa polisi aitwaye Albert Alexander, aliyekuwa na usaha usoni na kichwani, na jicho moja limekwisha tolewa. Baada ya siku chache homa ikashuka, akaanza kula. Lakini dawa iliyokuwako duniani wakati ule ilikuwa kidogo mno. Waliukusanya mkojo wake, wakaitoa penisilini iliyotupwa na figo, wakampa tena. Siku ya tano ikaisha kabisa. Ugonjwa ukarudi, naye akafa mwezi wa Machi.

Mtu yule aliacha dawa katikati kwa sababu haikuwako. Sisi tuliiacha juu ya kabati.

Fleming, Florey na Chain walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1945, na katika hotuba yake ya Desemba mwaka ule huko Stockholm, Fleming alionya juu ya siku ambayo penisilini itauzwa madukani kwa mtu yeyote. Alitoa mfano wa bwana mmoja mwenye maumivu ya koo. Bwana huyo anajinunulia penisilini, anameza kidogo, isiyotosha kuwaua streptokoka bali yenye kuwafundisha kuishinda. Kisha anamwambukiza mkewe, mke anashikwa na kichomi, anapewa penisilini, haimsaidii, anakufa. Fleming akauliza ni nani aliyemwua. Tulipousoma mfano huo tulitazamana. Bwana yule ni sisi hasa, hata koo ni koo lile lile.

Ila kwa haki tuseme kwamba katika jambo moja mfano haukutimia. Mpaka leo streptokoka wa koo hajajifunza kuishinda penisilini, na wataalamu wenyewe hustaajabu. Lakini amejifunza mahali pengi kuzishinda dawa nyingine kama erithromisini na azithromisini, ambazo hazishughuliki na ukuta bali huzuia kijidudu kutengeneza protini zake. Dawa hizo ndizo hupewa yule ambaye mwili wake unaikataa penisilini. Basi yule anayenunua azithromisini kwa kila mafua, kwa kuwa ni vidonge vichache na humalizika upesi, anakula akiba ya mwenzake asiyeweza kutumia nyingine. Tena kidonge kikiingia hakichagui. Kinawapiga na bakteria wa tumboni, walio wema na walio wabaya. Wanaobaki ni wale walioshinda, nao ndio watakaoleta ugonjwa wa mkojo au wa kidonda siku nyingine, na dawa zisifanye kazi.

Kuhara kidogo wakati wa kumeza dawa hizi kwatoka hapo hapo, kwa bakteria wema waliokufa. Hilo si la kuogopesha. La kuogopesha ni mtu kuvimba uso na midomo, kuwashwa mwili mzima, au kubanwa pumzi baada ya kumeza. Huyo aache mara moja, akimbizwe hospitali, na maisha yake yote aseme kwa kila daktari kwamba penisilini haimpatani. Hiyo ni sababu nyingine ya kutogawiana vidonge katika chumba cha nguo: anayekupa hajui damu yako.

Na wako wazee wetu wanaopeleka watoto kukatwa kimio wakidhani ndicho kinacholeta kikohozi na koo. Twawaheshimu wazee, lakini kimio hakina hatia, na mtoto amewahi kufa kwa kutoka damu. Mafindofindo nayo hukatwa na daktari, hospitalini, tena si kwa koo moja. Hutazamwa kama mtoto ameugua mara 7 hivi kwa mwaka mmoja. Asiyeweza kufungua mdomo, au anayetokwa na mate kwa kushindwa kumeza, au anayesema kama mwenye ugali wa moto mdomoni, huenda ana jipu nyuma ya findo. Huyo asingoje kesho.

Sasa maneno ya chama. Kamati imekubali mambo mawili na Katibu ameyaandikia barua. La kwanza, mzazi mwenye mtoto mwenye homa apewe saa za kwenda hospitali bila kuandikwa hakuja, akirudi na karatasi. Hatujajibiwa bado. La pili ni letu wenyewe. Mkebe ule ulioko mezani kwa mweka hazina ni wa kumsaidia mtu ambaye daktari ameandika siku 10 naye ana fedha za siku tatu. Haukopeshi kwa jambo jingine, msijaribu. Tena wiki iliyopita tulipita kwenye makabati tukakusanya vidonge vilivyobaki. Vilijaza kopo zima la majani ya chai, vingine havijulikani ni vya nini, na vingi vilikuwa vya watu waliokwisha acha kazi. Tumevipeleka zahanati viteketezwe. Aliyeficha vyake avilete.

Mtoto yule yuko darasani, anasoma, ila hapigi mpira tena. Kila baada ya wiki nne anapigwa sindano ile ya penisilini inayoyeyuka polepole, ili koo lisirudi kuugusa moyo, na daktari amesema itaendelea hivyo mpaka awe mtu mzima. Sindano ijayo ni Alhamisi ya wiki hii, asubuhi. Baba yake ana zamu siku hiyo, nasi tumekwisha pata mtu mmoja wa kumshikia mpaka saa sita. Twahitaji wa pili, wa saa sita mpaka kumi, kwa kuwa foleni ya kliniki ni ndefu. Ajitoleaye aje amwone Katibu kabla hatujatoka hapa.